Kisunzi Kikija Ukiwa Kitandani

Alfajiri, msikiti mmoja wa Langoni, Lamu. Mzee wa safu ya pili anainuka kutoka sijda ya rakaa ya kwanza, anayumba, anamshika bega kijana aliye kuliani kwake. Anasimama vivyo hivyo, macho kayafumba, midomo haikomi kusoma. Ikifika salamu, wenzake wanageuza shingo barabara kulia na kushoto. Yeye anageuza kidogo tu, kwa hadhari.

Baada ya dua wanamzunguka. "Hiyo ni presha, mzee wangu." "Sukari hiyo, jana ulikula?" "Malaria yaanza hivyo hivyo." Kijana anajitolea kumletea vidonge vya Stemetil duka la dawa likifunguliwa. Mzee anatabasamu: "Ni kitwa chanizunguka tu, kitapita inshallah." Anavaa makubadhi na kutoka akipapasa ukuta wa kichochoro.

Wiki zimepita na jambo lile halijaniondoka. Majibu yalitoka mengi, swali halikuulizwa hata moja.

Na swali lilikuwepo, jepesi, la kuulizwa hapo hapo mkekani: je, mzee, hukujia pia ukijigeuza kitandani?

## Kila kitu ni presha

Pwani yetu presha imebebeshwa kila mtikisiko wa kichwa. Mtu akisema ana kizunguzungu, hukalishwa, hufungwa mkanda wa mashine mkononi, na namba ikitoka juu kidogo kesi imekwisha. Hakuna anayekumbuka kwamba amepanda ngazi, amekuja na hofu, pengine ametapika njia nzima. Kila kimojawapo chatosha kuipandisha namba.

Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Ndiyo sababu inaua: mtu hukaa nayo miaka bila kuhisi lolote. Kukuta presha iko juu kwa mtu mwenye kisunzi si ushahidi kwamba ndiyo iliyoleta kisunzi.

Kinacholeta kisunzi zaidi ni presha inayoshuka, hasa mtu anaposimama. Na hapo ndipo mambo hugeuka mabaya: mtu mwenye tatizo la sikio anaongezewa kidonge cha presha, kidonge kinamshusha kila anaposimama, sasa ana visunzi viwili. Akirudi, anaongezewa kingine.

Kipimo cha presha ya kushuka hakihitaji chochote zaidi ya mashine ile ile na subira. Mgonjwa alale chali dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1, kisha tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake haishiki anaposimama. Kumpima amekaa kitini, mara moja, hakuwezi kulionyesha hilo, hata mashine iwe mpya namna gani.

Na presha haishuki kwa kujigeuza ukiwa umelala. Damu haina pa kushukia. Mtu anayesema nyumba inamzunguka akigeuka ubavu usiku wa manane ameshaiondoa presha kwenye orodha kwa kauli yake mwenyewe, kama yuko wa kumsikiliza.

## Swali tulilofundishwa vibaya

Kwa miaka mingi waganga wa kileo wamekuwa wakianza na swali moja: kizunguzungu chako kikoje? Mpango huo ulienea tangu 1972, pale Drachman na Hart walipovigawa visunzi katika mafungu manne: cha kuzunguka, cha kutaka kuzirai, cha kuyumba mwendo, na kile kisichoelezeka. Cha kuzunguka ni sikio, cha kuzirai ni moyo au presha, na kadhalika. Mpango unapendeza kwenye daftari.

Shida ni kwamba watu hawakioni kisunzi chao hivyo. Mwaka 2007 Newman-Toker na wenzake, Marekani, walichapisha walichokiona kwa wagonjwa waliofika chumba cha dharura: walipoulizwa tena baada ya dakika chache tu, takriban nusu walichagua jibu jingine. Lakini walipoulizwa kilidumu kwa muda gani na kiliamshwa na nini, majibu yalisimama imara zaidi.

Naamini hili ndilo geuko kubwa katika jambo hili zima, na halijafika vya kutosha kwenye zahanati zetu.

Usiulize kikoje. Uliza kinadumu sekunde, dakika, saa au siku. Uliza kinakuja chenyewe, au kuna tendo linalokiamsha. Kisha uliza kama kipo sasa hivi, mgonjwa akiwa ametulia mbele yako, maana kuna tofauti kubwa kati ya kisunzi kinachoamshwa na mwendo na kisunzi ambacho kipo muda wote ila mwendo hukizidisha. Kila kisunzi huzidi mtu akitikisa kichwa. Kinachotakiwa kujulikana ni kama huisha kabisa akitulia.

Sekunde chache, kwa kugeuka, kuinama au kutazama juu: sikio, vijiwe vya ndani yake. Sekunde chache, kwa kusimama tu: presha. Siku nzima bila kukoma, kilianza ghafla: neva ya sikio, au kiharusi. Saa kadhaa, kinakuja na kwenda: kipandauso, au ugonjwa wa Menière, wa sikio la ndani.

Kuna watakaosema huku ni kurahisisha. Ni kweli kwamba wapo wagonjwa wasioingia katika fungu lolote. Hata hivyo, ukianza hapa utakosea mara chache kuliko ukianza na mkanda wa mashine.

## Vijiwe

Ndani ya mfupa wa kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa maji, imepangwa pande tatu mfano wa pima maji za fundi mwashi. Chini yake mna vifuko viwili vinavyopima mvuto wa dunia. Juu ya utando wa vifuko hivyo zimelala punje ndogo za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa.

Punje hizo hubanduka. Uzee huzibandua, pigo la kichwa huzibandua, kulala kitandani muda mrefu kwa maradhi huzibandua. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na waliopita miaka 50 zaidi ya vijana. Upungufu wa vitamini D na mifupa dhaifu umehusishwa nazo pia, na upungufu huo waweza kuwepo hata kwenye jua kali kama letu kwa mtu ambaye ngozi yake hailioni jua.

Punje zikibanduka, mara nyingi hutumbukia katika mfereji wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini zaidi. Mtu akibadilisha mkao wa kichwa, punje huteleza na kuyasukuma maji, na ubongo huambiwa kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Punje zikifika chini na kutua, habari hiyo ya uongo hukoma. Ndiyo maana kisunzi hiki huchelewa sekunde kadhaa kuanza, hupanda, kisha hufa kabla ya dakika moja kutimia.

Robert Bárány, aliyepata tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya mizani ya sikio, ndiye aliyekieleza kisunzi hiki mwaka 1921. Margaret Dix na Charles Hallpike, London, wakaweka kipimo chake mwaka 1952. Tiba ilikawia: John Epley wa Marekani aliichapisha mwaka 1992, baada ya miaka ya kushukiwa na wenzake, maana haikuwa rahisi kuaminika kwamba ugonjwa wa kutapisha watu waweza kuondoka kwa kugeuzwa kichwa.

Kwa Muislamu, swala yenyewe hutoa ushahidi mara tano kwa siku. Muulize kisunzi kilimshika wapi. Akisema ni wakati wa kushuka sijda, paji la uso likielekea chini, hapo anashuka, hainuki, na presha ya kusimama haina hoja. Akisema ni kuinuka kwenda kisimamo peke yake, na kitandani hana shida, mpime presha akisimama. Mzee wa Langoni alishikwa wakati wa kuinuka, na kuinuka kunaweza kuwa vyote viwili. Kwa hivyo swali la kitandani lilihitajika.

## Kumlaza na kuyatazama macho

Kipimo cha Dix na Hallpike hakina mashine. Kinahitaji kitanda, au mkeka na mto, na mtu asiyeogopa.

Kwanza uliza shingo. Mwenye shingo iliyovunjika au kuteguka, mwenye baridi yabisi kali ya shingo, au aliyepata maumivu mapya makali ya shingo, usimlaze hivi. Kisha mweleze kitakachotokea: kisunzi kitakuja, kitakuwa kikali, kitaisha chini ya dakika moja, asifumbe macho, wewe umemshika. Weka beseni karibu. Asiyeelezwa atafumba macho na kujiinua, na kipimo kimeharibika.

Mkalishe miguu ikiwa imenyooshwa, mto umewekwa ili mabega yakiangukia hapo kichwa kibaki nyuma yake, chini kidogo. Ukipima sikio la kulia, mgeuze kichwa kulia nyuzi 45. Sasa mlaze kwa haraka, kichwa kikiwa kimegeuka vile vile na kimening'inia chini ya usawa kwa nyuzi 20 hivi.

Subiri. Wengi hukosea hapa: hutazama sekunde tatu, hawaoni kitu, humwinua. Toa nusu dakika kamili.

Vijiwe vikiwa katika mfereji wa nyuma wa sikio lililo chini, macho yataanza kurukaruka: yanaruka kuelekea paji la uso na papo hapo yanajizungusha kuelekea sikio la chini. Yatazidi, yatapungua, yatatulia. Ukimkalisha kitako tena huenda yakaruka kwa upande wa kinyume. Ukirudia mara moja baadaye, nguvu hupungua. Fanya upande wa pili hata kama wa kwanza umeonyesha.

Yakiruka kwa mlalo, kulia na kushoto, vijiwe viko katika mfereji wa ubavuni. Huo hupimwa kwa kumlaza chali na kumgeuza kichwa upande mmoja kisha wa pili, na tiba yake ni nyingine. Yakiruka kuelekea chini, kwenye kidevu, na hayakomi, tahadhari: hilo laweza kuwa jambo la ubongo wa nyuma.

Tiba ya Epley huanzia pale pale kipimo kilipokomea. Kwa sikio la kulia:

Mgonjwa yuko chali, kichwa kulia nyuzi 45, kimening'inia. Kaa hapo mpaka macho yatulie, sekunde 30 hadi 60. Geuza kichwa kushoto nyuzi 90, sasa kinatazama kushoto. Kaa muda ule ule. Mwambie ajigeuze mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, huku kichwa kikiendelea kugeuka mpaka pua inaelekea sakafuni, kaa tena. Hapa kisunzi mara nyingi hurudi, na ni dalili njema, punje zinasafiri. Kisha mwinue akae kutokea ubavu ule wa kushoto, kidevu kimeinamishwa, na umshike vizuri, maana wako wanaotupwa nyuma sekunde hiyo.

Irudie mara mbili au tatu katika kikao kimoja. Akae robo saa kabla ya kuachwa ashuke ngazi. Zamani waliambiwa walale wameketi siku mbili, hilo halihitajiki.

Kinachoharibu tiba hii ni haraka kati ya mkao na mkao, kichwa kuinuliwa kidogo wakati wa kugeuzwa, na kuitibu upande usio wake.

## Kisichokoma

Sasa mgonjwa wa namna nyingine. Kisunzi kilimshika ghafla jana adhuhuri na hakijamwacha dakika. Anatapika, hawezi kutembea vizuri, amelala upande mmoja haondoki. Macho yanarukaruka hata akitulia.

Huyu usimfanyie kipimo cha vijiwe. Hana vijiwe.

Ana moja ya mawili. La kwanza, neva ya mizani ya sikio moja imevimba, pengine baada ya mafua. Hutesa sana lakini haiui. La pili, kiharusi cha ubongo wa nyuma au shina la ubongo. Kwa mtazamo wa nje wanafanana.

Mwaka 2009 Kattah na wenzake walionyesha kwamba vipimo vitatu vya macho, vikifanywa na aliyezoea, huvitambua viharusi hivi vizuri kuliko hata picha ya MRI ya siku mbili za mwanzo. Namna vinavyofanya kazi ndiyo inayonivuta zaidi katika elimu hii.

Kipimo cha kwanza kilielezwa na Halmagyi na Curthoys mwaka 1988. Mgonjwa anaikazia macho pua yako. Unamshika kichwa, unakigeuza ghafla, kidogo tu, nyuzi 10 hadi 20. Sikio likiwa zima, macho hubaki puani. Neva ikiwa imekufa upande huo, macho hufuata kichwa kisha huruka kurudi puani, na mruko huo unauona.

Kwa mgonjwa wa kisunzi kisichokoma, kuuona mruko ni afadhali: kosa liko sikioni. Macho yakibaki puani, yaani kipimo kikitoka kizima, hapo ndipo pa kuogopa. Sikio ni zima na mtu anazunguka. Basi kosa liko ndani zaidi. Wengi hukwama hapa, kwa sababu tumezoea kwamba kipimo kizima ni habari njema.

Cha pili, mwelekeo wa macho kurukaruka. Akitazama kulia na akitazama kushoto, mruko wa kasi ubaki upande mmoja. Ukibadilika kufuata anakotazama, au ukiwa wa juu na chini tupu, ni ubongo.

Cha tatu, ziba jicho moja, hamisha kiganja uzibe la pili, rudi tena. Jicho linalofunuliwa likishuka au kupanda kujiweka sawa, ni ubongo.

Ongeza viwili ambavyo havihitaji ujuzi mwingi: uziwi mpya wa sikio moja uliokuja pamoja na kisunzi, na kushindwa kuketi au kusimama bila kushikiliwa. Neva ya sikio humyumbisha mtu, lakini akishika ukuta hutembea. Asiyeweza hata kuketi kitandani peke yake ana kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo.

Vipimo hivi vitatu ni vya mgonjwa ambaye kisunzi kipo na macho yanaruka wakati huo huo. Ukivifanya kwa mtu ambaye kisunzi chake kimekwisha, kipimo cha kwanza kitatoka kizima, na utamtia hofu ya bure.

Na hii ni kwa jamaa wanaochangishana nauli kumpeleka mgonjwa Mombasa: picha ya CT huonyesha damu iliyovuja, lakini kiharusi cha kuziba katika ubongo wa nyuma mara nyingi haikioni, hasa mapema. CT safi haimaanishi kichwa salama. Mkiambiwa "picha iko sawa, nendeni nyumbani" na mgonjwa hawezi kusimama, msiondoke.

Kuona viwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida, uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kichwa au shingo kuuma ghafla kuliko kawaida: kimojawapo pamoja na kisunzi hakingoji asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwa mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, bahari peke yake yaweza kuzila saa hizo. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

## Maji ya udhu usoni

Wako wasiozungukwa na kitu. Hawana kisunzi wakikaa wala wakilala. Wakisimama na kutembea ndipo sakafu inakuwa si yao.

Mwili husimama kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na habari kutoka nyayo. Kimoja kikipotea viwili hushika. Viwili vikipotea mtu huanguka. Kwa hivyo uliza gizani: umeme ukikatika, anapita vipi kwenye kichochoro? Na uliza wakati wa udhu: anapofumba macho kutia maji usoni, anayumba? Wanaoyumba hapo mara nyingi nyayo zao hazipeleki habari. Sukari ya miaka mingi huua neva za miguu. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyo pia, na anayekunywa metformin, dawa ya sukari, kwa miaka yuko karibu nao zaidi ya wengine.

Msimamishe miguu imebanana, mikono kando, macho wazi, kisha afumbe. Simama nyuma yake, mikono tayari. Aliyesimama vizuri macho wazi na kuanguka akifumba ameonyesha kwamba macho yake ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia.

Mtu huyu hahitaji kidonge cha kisunzi. Anahitaji taa ya usiku njia ya chooni, kamba au kishikio kwenye ngazi zetu za mwinuko mkali, viatu vilivyobana kisigino badala ya ndara, na sukari kushikwa.

## Dawa zinazoyumbisha

Mwambie mgonjwa aje na mfuko wake wote wa dawa, si jina la dawa. Za kukojosha, za presha, za tezi dume, amitriptyline ya maumivu na usingizi: zote hushusha presha akisimama. Za kifafa kama phenytoin zikizidi kipimo humfanya mtu atembee akiyumba. Kwinini huleta mvumo masikioni na kisunzi, na huweza kushusha sukari.

Gentamicin nataka kuitaja peke yake. Ni sindano ya kuua bakteria inayookoa watoto na watu wazima, siipingi. Lakini huweza kuua mizani ya masikio yote mawili bila kugusa kusikia, na kwa hivyo hakuna anayeshtuka. Mgonjwa anatoka wodini amepona, anatembea kwa mashaka, na kila akipiga hatua ulimwengu unarukaruka machoni. Hazunguki, kwa sababu masikio yote mawili yamenyamaza sawasawa. Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi. Akisema ulimwengu unaruka wakati bado anachomwa, kuisimamisha kufikiriwe siku hiyo hiyo.

Stemetil na Stugeron zina kazi yake: siku za mwanzo za kisunzi kikali, kuzuia kutapika, zisizidi siku tatu hivi. Zaidi ya hapo zinauzuia ubongo kujifunza upya mizani, na kwa wazee huweza kuleta mwili mkakamavu na mikono ya kutetemeka inayodhaniwa ni maradhi mapya. Wako wazee wanaozinywa miezi na miezi kwa ajili ya vijiwe, na vijiwe havijui kidonge.

Wakati wa Ramadhani, anayekunywa dawa za kukojosha au za sukari apangiwe saa na kipimo kabla ya mwezi kuandama. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, funga ifunguliwe, hata kama Magharibi imekaribia.

## Vinavyokuja na kwenda

Kwa ufupi, kwa sababu hivi huhitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Kisunzi cha dakika 20 hadi saa 12, sikio moja likiziba, likivuma na kupoteza usikivu unaopanda na kushuka: Menière, aliyekieleza mwaka 1861. Bila kipimo cha usikivu huwezi kukithibitisha.

Kisunzi cha dakika 5 hadi siku tatu kwa mtu mwenye historia ya kipandauso, mwanga na harufu vikimuudhi: kipandauso hicho hicho, hata siku ambazo kichwa hakiumi. Hiki hupuuzwa sana, hasa kwa wanawake.

Usaha wa sikio wa muda mrefu ukiongezewa kisunzi, usingojee. Vivyo hivyo wapiga mbizi wanaovua kamba wa baharini: kisunzi au uziwi ulioanza baada ya kuzama ni wa kuonwa siku hiyo, na asizame tena mpaka aonwe. Kuyumba kwa saa chache baada ya kushuka boti si ugonjwa.

Na wako wanaoyumba kila siku kwa miezi mitatu na zaidi, wima ni shida, sokoni kwenye watu wengi ni shida zaidi, ilhali kila kipimo ni safi. Ugonjwa wao, uitwao PPPD kwa Kiingereza, una vigezo rasmi tangu 2017. Huanza mara nyingi baada ya kisunzi cha kweli ambacho kimeshapona, na ubongo umebaki katika hadhari. Si uzushi. Wengine hupelekwa kusomewa. Kusomewa kwaweza kwenda sambamba na mazoezi ya mizani na matibabu, ilimradi kimoja kisimzuie mtu na kingine.

## Kujifanyia nyumbani?

Hapa nina shaka, na sijaimaliza. Epley inafanyika nyumbani, na kwa mtu wa visiwa vya Kiwayu au Ndau pengine ndiyo tiba atakayoipata wiki hiyo. Lakini kujua ni sikio lipi, mtu hawezi kuyaona macho yake mwenyewe. Upande unaoleta kisunzi kikali akijilaza kwa kipimo ndio wenye makosa mara nyingi. Simu ya mjukuu ikimrekodi macho wakati wa kulazwa, na video ikamfikia anayejua, huo ni ushahidi bora kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kwa hivyo msimamo wangu wa sasa ni huu. Mara ya kwanza aonwe na mtu. Vijiwe vikithibitishwa na upande ukajulikana, afundishwe yeye na wa nyumbani kwake, maana kwa wengi hurudi baada ya miezi au miaka. Kikirudi kwa sura ile ile, wajifanyie, mtu wa pili akiwepo daima, na si juu ya dari. Kikija kwa sura nyingine, au vikao vitatu visipobadilisha kitu, arudi akaonwe. Mwenye umri mkubwa na shingo isiyogeuka asijaribu peke yake. Kuna njia ya kumlaza ubavu ambayo haimning'inizi kichwa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aweza kumwonyesha kwa dakika kumi.